Karl Ferdinand Braun, mutu aliyetupatia jicho la kuona umeme

Leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja ambaye jina lake ni kubwa ku Ulaya, hata ku Japani, lakini mu makambi yetu halitajwi mara mingi. Hata hivyo kazi yake imeingia mu kila nyumba. Ile televizio ya zamani, yenye tumbo kubwa nyuma, ilikuwa kazi yake. Radio ya baba zetu ilimuhitaji. Na fundi wa umeme ku usine, anapowasha osiloskopu juu ya kutafuta ugonjwa wa mashini, anatumia jicho ambalo mutu huyu alilifungua mu mwaka 1897.

Tunasema jicho, na sababu yake tunaijua sisi wote wa kazi. Umeme hauonekani. Waya yenye umeme na waya isiyo na umeme zinafanana kama mapacha. Njo maana wakubwa wa kazi wanatukataza kugusa kitu chochote mbele ya kupima. Taa inatuambia paka neno moja: umeme uko ao hauko. Lakini umeme unatembea namna gani ndani ya waya? Unapanda na kushuka mara ngapi? Unatetemeka? Unachelewa? Zamani hakuna mutu aliyeweza kuyaona haya yote sawasawa. Karl Ferdinand Braun njo alituonyesha.

Mutoto wa karani

Braun alizaliwa tarehe 6 mwezi wa 6 mwaka 1850, mu muji wa Fulda, ku Ujerumani. Baba yake alikuwa karani wa tribinali. Haikuwa nyumba ya utajiri, lakini ilikuwa nyumba ya kartasi na ya kusoma. Kijana akaenda kujifunza ku Marburg, kisha ku Berlin, na mu mwaka 1872 akapata cheo cha doktari. Kazi yake ya mwisho wa masomo ilikuwa juu ya nyuzi za muziki: namna gani zinatetemeka, na sababu gani uzi mugumu hautetemeki sawa na uzi mulaini. Tukumbuke neno hilo la kutetemeka, maana lilimufuata maisha yake yote.

Akawa musaidizi wa mwalimu Georg Quincke ku Würzburg. Musaidizi wakati ule alilipwa franga kidogo. Kwa hiyo akafanya mutihani wa serikali, na mu mwaka 1874 akawa mwalimu wa masomo ya vijana ku Leipzig. Wazazi wanaosoma hapa wanajua kazi hiyo: kusimama muchana kutwa mbele ya watoto, na kusahihisha kazi zao usiku. Braun hakuidharau. Mu mwaka 1876 akaandika hata kitabu kwa vijana, juu ya hesabu na juu ya maajabu ya dunia, na ndani yake aliwafundisha akiwachekesha.

Jiwe linalokataa

Ni mu mwaka ule ule wa 1874 aliandika juu ya kitu ambacho wachimbaji wanapashwa kukisikia vizuri, maana kinahusu majiwe.

Alikuwa akijaribu majiwe ya sulfuri, ni kusema majiwe ambamo chuma cha namna fulani kimeungana na kibiriti. Kulikuwa galena, yenye risasi ndani. Kulikuwa piriti ya chuma. Tena kulikuwa piriti ya shaba, ile tunayoiita kalkopiriti, yenye rangi ya manjano ya kung'aa ambayo imewadanganya wageni wengi wakifikiri ni zahabu. Yule anayefanya kazi mu mugodi wa chini ku Kipushi anaijua kwa macho.

Braun akashika jiwe, akaligusa na ncha ya waya mwembamba, akapitisha umeme wa batri. Umeme ukapita vizuri. Akageuza batri, upande wa kulia ukaenda kushoto. Jiwe lile lile, waya ile ile, batri ile ile: umeme ukapita kwa shida. Akarudilia mara mingi, na kila mara jiwe lilifanya namna moja. Lilikuwa kama mulango unaofunguka upande mumoja tu.

Wakati ule jambo hili lilionekana geni sana. Sheria ya umeme iliyojulikana ilisema kwamba waya ao jiwe linapitisha umeme sawasawa, uende ao urudi. Wenye elimu wengine walikuwa na mashaka, na mutu wa kueleza sababu hakuwako bado. Maelezo yenyewe yalikuja miaka mingi nyuma, Braun akiwa amekwisha kufa. Lakini yeye hakuacha kuamini alichokiona. Aliliandika, akaliweka, akaendelea na kazi. Kumbe lile jiwe njo babu wa diodi zote zilizo ndani ya radio, ndani ya simu, na ndani ya chombo cha kuchajia simu ambacho kiko mu nyumba yako leo.

Juu ya kuelewa wakati: mwaka ule wa 1874, Msiri alikuwa akitawala ku Bunkeya, na shaba ya nchi yetu ilikuwa ikitembea mu njia za biashara ikiwa misalaba. Shaba yetu ilipita juu ya mabega ya watu, na hakuna aliyejua kwamba ku Leipzig mwalimu mumoja alikuwa akiuliza jiwe la shaba maulizo juu ya umeme.

Chupa ya mwaka 1897

Kutoka Leipzig, Braun alihama mara mingi, kama watu wa kazi wanavyohamishwa. Mu 1877 alikwenda kufundisha ku université ya Marburg, kisha ku Strasbourg, kisha ku Karlsruhe. Mu 1885 akafika Tübingen, na mwaka huo akaoa bibi Amalie Bühler. Mungu aliwapatia watoto wa kiume wawili na wa kike wawili. Ku Tübingen alisimamia ujenzi wa nyumba mupya ya masomo ya fizika, na alitengeneza chombo cha kupima volti chenye mushale. Mu 1895 akarudi ku Strasbourg kuwa mukubwa wa nyumba ya fizika ya pale. Muji huo leo ni wa Ufaransa. Wakati ule, tangu vita ya 1870 na 1871, ulikuwa mukononi mwa Wajerumani.

Ku Ulaya wenye elimu walikuwa wakichezea chupa ndefu za vioo. Walitosha hewa karibu yote ndani ya chupa, wakatia umeme wa nguvu nyingi, na kutoka upande wa katodi ukatoka mwali ambao walishindwa kuufahamu. Ni kwa chupa za namna hiyo Röntgen alipata ile miali ya kupiga picha ya mifupa, mwisho wa mwaka 1895. Kila muchimbaji aliyepelekwa hospitali kupiga picha ya kifua anajua kazi ya Röntgen.

Wenzake walijiuliza mwali ule ni kitu gani. Braun yeye akajiuliza unaweza kufanya kazi gani. Vyombo vya kupima umeme vilikuwa na mushale wa chuma. Mushale una uzito. Umeme unaokwenda na kurudi mara 50 mu sekunde moja unamuchosha mushale: mbele haujafika juu, umeme umekwisha kushuka. Ni kama kumuomba mutu mwenye gunia la mahindi kichwani aruke ngoma ya vijana. Lakini mwali ule hauna uzito wa kuhesabu. Ukiuvuta, unakwenda palepale. Ukiuacha, unarudi palepale.

Kwa hiyo akamuomba fundi wa vioo Franz Müller, wa muji wa Bonn, amutengenezee chupa ya namna mupya. Ndani, mbele ya katodi, kulikuwa kizuizi chenye tundu dogo, ili upite paka mwali mwembamba. Mwishoni kulikuwa kibao cha mika kilichopakwa unga wa majiwe yenye kung'aa. Fasi mwali ulipogonga, pakawaka doa dogo la mwanga. Inje ya chupa Braun akaweka bobini, na ndani ya bobini akapitisha ule umeme aliotaka kuuona. Bobini ikavuta mwali, doa likapanda na kushuka likifuata umeme wenyewe, bila kuchelewa.

Doa linalopanda na kushuka upesi linaonekana kama mustari mumoja umesimama. Juu ya kuutandaza, Braun aliuangalia mu kioo kinachozunguka. Palepale mustari ukafunguka, ukawa mawimbi, moja nyuma ya lingine, kama milima ya Kundelungu unapoiangalia kwa mbali. Kwa chombo hiki umeme unaokwenda na kurudi ulionekana kwa macho, na umbo lake, wakati wenyewe ukipita. Mwaka 1899 musaidizi wake Jonathan Zenneck akaongeza bobini ya pili, inayosukuma doa kutoka kushoto kwenda kulia kwa mwendo wa sawasawa, na kioo cha kuzunguka hakikuhitajiwa tena. Hapo osiloskopu ya leo ilikuwa imekamilika mu mawazo: wima ni nguvu ya umeme, ulalo ni wakati.

Sasa, wasomaji, tusimame kidogo hapa. Mutu mwingine angekimbia kuchukua breve, ile kartasi ya serikali inayosema kwamba yeyote atakayetumia chombo anapashwa kulipa. Braun hakuichukua. Alieleza chombo chake mu gazeti la fizika, na namna ya kukitengeneza, ili kila mutu akifanye. Njo sababu chombo kilienea upesi mu nchi mingi. Mpaka leo Wajerumani na Wajapani wanaiita ile chupa kwa jina la Braun.

Sauti bila waya

Hatusemi kwamba alikuwa mutakatifu asiyejua franga. Juu ya radio alichukua breve, na kazi ile ilimuletea sifa ya dunia nzima, na mwishoni ikamuletea taabu.

Mu miaka ile kijana Mwitalia, Guglielmo Marconi, alikuwa akituma alama bila waya. Marconi alizaliwa mu 1874, mwaka wa lile jiwe. Lakini chombo chake kilikuwa na mupaka: cheche ya umeme ilirukia mu antena yenyewe, na hata ukiongeza nguvu, alama hazikufika mbali zaidi. Braun akatafuta sababu. Mu 1898 akatenga cheche na antena. Cheche akaiweka mu njia yake yenye kufungwa, pamoja na kondensateri, na nguvu ikapita kwenda ku antena kwa njia ya bobini mbili zisizogusana. Nguvu ikaongezeka, tena kila mutumaji akaweza kuchagua mutetemo wake, kama vile wapigaji wa gitaa wanavyokaza nyuzi. Unaona kwamba kazi yake ya ujana juu ya nyuzi haikupotea. Mwezi wa 9 mwaka 1900 watu wake walituma alama kutoka Cuxhaven mpaka kisiwa cha Helgoland, kilometa 62 juu ya bahari.

Lile jiwe la 1874 pia likarudi kazini. Mawimbi ya radio yanakwenda na kurudi upesi sana, na sikio linahitaji kitu cha kuyapitisha upande mumoja tu. Jiwe la galena na ncha ya waya vilifanya kazi hiyo, na radio mingi za kwanza zilisikilizwa namna hiyo, bila batri hata moja. Kitu ambacho watu walikishangaa bila kukitumia kikangoja zaidi ya miaka 25, kisha kikapata kazi.

Mu mwaka 1909 Braun na Marconi waligawana Prix Nobel ya fizika. Marconi alikuwa na miaka 35, Braun 59.

Safari isiyo na kurudi

Kisha ikaja vita ya 1914, ile ambayo babu zetu walikwenda kuipigana mpaka Tabora. Ku Ulaya, Waingereza walikata waya za Wajerumani zilizopita chini ya bahari. Ujerumani ikabaki na njia ya radio ya kusemezana na Marekani, na fasi moja kubwa ya kupokea ilikuwa Sayville, karibu na New York. Kampuni ya Marconi ikapeleka jambo ku tribinali, ikisema kwamba breve zake zimeibwa pale.

Ikahitajiwa mutu wa kueleza mbele ya waamuzi. Braun alikuwa na miaka 64, na afya yake haikuwa nzuri. Hata hivyo, mwezi wa 12 mwaka 1914 akapanda merikebu mu baridi kali, pamoja na Zenneck, akavuka bahari mu wakati wa vita.

Kesi ikavutana. Njia ya kurudi ikafungwa, maana merikebu za Waingereza zililinda bahari. Braun akaikala Brooklyn, ku nyumba ya mutoto wake wa kiume aliyefanya kazi kule. Mwezi wa 4 mwaka 1917 Marekani nayo ikaingia vitani, na mzee akawa raia wa adui mu nchi ya wageni. Mutu aliyewasaidia wengine kusemezana kutoka upande moja wa bahari mpaka upande mwingine, yeye mwenyewe akakatwa na nyumba yake.

Tarehe 20 mwezi wa 4 mwaka 1918 akafa kule Brooklyn, mu miaka 67, nyuma ya kuanguka. Vita iliisha mwezi wa 11 mwaka ule ule. Strasbourg ikarudi ku Ufaransa. Mu 1921 majivu yake yakapelekwa Fulda, muji aliozaliwa, na yakazikwa pale. Familia za kwetu ambazo mutu wao alikwenda kutafuta kazi mbali, na akarudi ndani ya sanduku, zitafahamu uchungu huo bila sisi kuongeza neno.

Jicho ndani ya kioo

Lakini kazi yake haikufa Brooklyn. Tuone namna mafundi wanavyoitumia leo, maana hapa njo faida ya watu wa mugodi.

Siku hizi mashini zinasemezana. Chombo kinachopima hewa chini ya udongo, pompi ya maji, mukanda unaobeba majiwe, vyote vinatuma habari zao ku kompyuta ya juu. Habari zinapita mu waya, moja nyuma ya ingine, kwa lugha ya alama mbili tu: volti ya juu ni 1, volti ya chini ni 0. Kila alama, ao biti, inapewa wakati wake sawasawa. Waya ya mwendo wa biti 9600 mu sekunde inaipa kila biti muda wa sehemu 104 za sekunde iliyokatwa mara milioni moja. Chombo kinachopokea kinaangalia katikati ya muda huo na kujiuliza: juu ao chini? Kikikosea, 0 inakuwa 1, na mutu aliye juu anaambiwa kwamba hewa ni nzuri, kumbe si nzuri.

Fundi atajuaje kama waya inasema vizuri? Akiangalia biti moja moja, zinapita elfu na elfu, atachoka. Kwa hiyo anazilaza zote juu ya nyingine ndani ya kioo cha osiloskopu. Na picha inayotokea ina umbo la jicho.

Tuchukue mufano wa kichuguu, maana mu Katanga hatukosi vichuguu. Njia ya miguu inafika ku kichuguu, inagawanyika: wengine wanapita upande wa juu, wengine upande wa chini, kisha njia mbili zinakutana tena mbele. Watu elfu wakipita hivyo, njia zitakuwa safi na majani ya katikati yatabaki yamesimama. Njia ya juu ni biti 1, njia ya chini ni biti 0, na fasi zinapokutana ni pale alama inapobadilika. Majani ya katikati ambayo hakuna anayeyakanyaga, hiyo njo nafasi ya jicho.

Sasa walevi wakianza kupita, mumoja atakwenda huku, mwingine kule, na majani yatakanyagwa. Jicho linafunga. Likipungua kwa urefu wa wima, maana yake volti imechafuliwa ao imezaifika: pengine waya ya habari imelazwa karibu na waya kubwa ya motere, ao kiungo kimeingia maji. Likipungua kwa upana, maana yake biti hazifiki saa yake: zingine zinawahi, zingine zinachelewa. Kukionekana mustari wa pili kama kivuli, pengine ni mwangwi: alama imefika mwisho wa waya na kurudi nyuma. Mu waya mingi za usine mwangwi huo unazimwa kwa rezistansi ya ohmu 120 ku kila mwisho wa waya, na mara mingi ugonjwa wote ni kwamba mutu alisahau kuiweka.

Hakuhitajiwi chombo cha bei ya nyumba. Osiloskopu ya kawaida, hata ya zamani yenye chupa ya Braun ndani, inaweza, maana unga wa kioo chake unashika mwanga kidogo, na biti mingi zinaonekana pamoja. Lakini kuko masharti matatu.

La kwanza ni mwendo wa doa. Kwa waya ya biti 9600 fundi anapanga sehemu 20 za milioni ya sekunde ku kila kisanduku. Kioo cha visanduku 10 kitaonyesha karibu biti mbili, na jicho litakuwa katikati.

La pili ni saa ya kuanza. Doa linapashwa kuanza safari yake pamoja na saa ya mashini inayotuma. Kama saa hiyo inapatikana, fundi anaipitisha ku mulango wa tatu wa osiloskopu, ule wa kuanzishia. Akianzisha kwa alama zenyewe, picha itaonekana nzuri kuliko ukweli, maana chombo kitatetemeka pamoja na alama na kuficha utetemeko wake. Ni kama kupima kimo cha mutoto na wewe unapanda na kushuka pamoja naye.

La tatu ni wepesi wa chombo. Osiloskopu inapashwa kuwa nyepesi mara kadhaa kuliko biti zenyewe. Chombo kizito kinakata pembe za alama na kufunga jicho, na fundi atashitaki waya isiyo na kosa.

Na neno kwa vijana: musipeleke kamba ya udongo ya osiloskopu ku waya za umeme mukubwa wa usine bila mwalimu. Mu vyombo vingi kamba hiyo imeungwa na udongo moja kwa moja, na kosa moja linaweza kuchoma chombo na mukono.

Kutoka jiwe mpaka jiwe

Mwisho wa mwaka 1947, ku Marekani, watu wawili wa Bell walitengeneza transista ya kwanza: kipande cha germaniumu kilichoguswa na ncha za chuma. Umbo lile lilifanana na jiwe la Braun na waya yake, miaka 73 nyuma. Na germaniumu, wasomaji, si mugeni kwetu. Mugodi wa Kipushi uliitoa pamoja na shaba na zinki, na leo inatiwa ndani ya nyuzi za kioo zinazobeba intaneti. Mu nyuzi hizo nazo mafundi wanapima jicho, wazi ao limefungwa. Watu wa mugodi wasiseme kwamba mambo haya ni ya wengine. Yalianza ku jiwe, na yanaendelea ku jiwe.

Tunaona mu maisha ya Braun jambo moja ambalo tungependa watoto wetu walishike. Jiwe lilipokataa umeme, hakulilazimisha lifuate kitabu, aliandika alichokiona. Mushale wa chuma uliposhindwa kufuata umeme, hakukisia. Alitafuta chombo kinachoona. Mu kazi yetu, kukisia kunaua. Waya haisemi yenyewe kama imekufa ao iko hai, hewa haisemi kama ni nzuri, na kompyuta inaamini yote inayoletewa. Anayesimama na kupima mbele ya kusema anafanya kazi ya Braun, hata kama hajasikia jina lake.

Ninyi wazazi, kama mutoto wenu anafungua radio iliyokufa juu ya meza, na anajaza nyumba visikurubu na waya, mbele ya kumupiga mumuulize kwanza ameona nini ndani.